Rudisheni Pwani, Boti Tutajinunulia

Kila msimu wa siasa unapokaribia, pwani ya kusini huletewa boti. Huja juu ya lori, mpya, za faiba, ubavuni zimeandikwa jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa kuliko namba ya usajili. Hema hupigwa, fulana na maji ya chupa hugawiwa, mzee mmoja wa BMU, chama cha wavuvi wa bandari, hupewa kipaza sauti ashukuru, dua husomwa, picha hupigwa, na alasiri msafara hurudi Ukunda. Miezi michache baadaye injini inataka kipuri kisichopatikana popote kati ya Likoni na Lungalunga, au kikundi cha watu thelathini kimegombania pesa za mafuta mpaka kikavunjika. Boti inafunikwa chini ya mkungu, kuku wanatagia kivulini mwake. Kisha unawadia msimu mwingine, na boti nyingine.

Nasema bila kuzunguka: hatukuwahi kukosa boti. Mafundi wa Vanga, Funzi na Gazi walichonga mitumbwi ya mwembe na kuunda ngalawa na mashua kabla nchi inayoitwa Kenya haijachorwa kwenye karatasi. Tunachokosa ni mahali pa kupandisha chombo kusi likichafuka, mahali pa kuanika wavu, kivuli cha kupimia samaki, na nguvu ya kumwambia mnunuzi kwamba kwa bei hiyo siuzi. Anayetugawia boti huku amenyamaza kuhusu ardhi ya kuipandisha hatusaidii. Anatunyamazisha, tena kwa bei nafuu.

Ardhi ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo tuanze nayo na tusiiache haraka. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ule mkanda wa maili kumi uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye dai alitakiwa ajitokeze na kulithibitisha. Waliojitokeza ni wenye nyaraka, wenye wakili, wenye kujua ofisi ya msajili iko wapi. Mdigo aliyelima bondeni na kuvua mwambani kwa haki ya ukoo hakuwa na karatasi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumdai karatasi ili atambue kaburi la babu yake. Ardhi isiyodaiwa ikaandikwa kuwa ya Taji la Uingereza. Uhuru ulipokuja, ya Taji ikawa ya serikali, na serikali ikaanza kuwagawia watu wake. Diani ikakatwa viwanja vya ufukweni, kimoja baada ya kingine, na majina yaliyoandikwa kwenye hati hayakuwa ya watu waliozaliwa Diani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogeuzwa zawadi ya kisiasa. Imekaa kabatini tangu siku hiyo, na waliotajwa kwa matendo yao wengi wao wamekula pensheni kwa raha.

Nenda leo kwenye barabara ya ufuo wa Diani. Utatembea kwa muda mrefu ukuta upande wa bahari, lango, ukuta, lango, askari wa kampuni ya ulinzi, ukuta. Bahari utaisikia tu. Katikati ya hoteli na nyumba za likizo kuna vichochoro vya umma, baadhi vyembamba kiasi kwamba wanaume wawili waliobeba injini hawawezi kupishana na mama mwenye beseni kichwani. Vingine vilikuwepo kwenye ramani na sasa ni maegesho ya magari ya mtu. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Vizuri sana. Maji yakitoka, mchanga ni wetu sote. Lakini mvuvi hafiki kwenye mchanga huo kwa kupaa, na maji yakirudi bamvua hawezi kuacha ngalawa yake ielee ikigonga ukuta wa mtu. Anahitaji ardhi ya juu ya maji, na hiyo ndiyo iliyouzwa.

Kwa hiyo swali langu kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kwa serikali ya Kaunti ya Kwale ni fupi. Bandari za wavuvi, kuanzia Mwaepe na Mvuleni, Mwaembe, Chale, Gazi, Mkunguni kule Msambweni, Funzi, Shimoni, Mkwiro, Kibuyuni, Majoreni, Jimbo hadi Vanga: ngapi zimepimwa, zikawekewa mipaka, na zina hati kwa jina la umma au la jamii inayozitumia? Chapisheni orodha. Bandari kwa bandari, namba ya kiwanja kwa namba ya kiwanja, na pale palipoandikwa jina la mtu, liandikwe jina hilo. Mkutano wa mashauriano hatuuhitaji. Orodha ya namna hiyo huchapwa kwa siku moja na mtu mwenye kompyuta na nia.

Watasema utalii ulileta ajira. Ulileta, na sitaki kumdharau kijana aliyesomesha wadogo zake kwa mshahara wa upishi. Diani imetajwa mara kadhaa kuwa ufuo bora Afrika, na sifa hiyo si ya bure. Ila tuhesabu waokozi wetu wote tangu uhuru. Sukari ya Ramisi iliajiri nusu ya Msambweni, ikaanguka 1988, na watu wakakaa zaidi ya robo karne wakiangalia mabomba ya kiwanda yakishika kutu. Hoteli zilijaa, zikamwagika mwaka 1997 baada ya ghasia za Likoni, zikajaa tena, zikamwagika baada ya uchaguzi wa 2007, zikajaa, zikafungwa kabisa 2020 kwa korona. Titani ilianza kuchimbwa mwishoni mwa 2013, ikasafirishwa kupitia Likoni, na Desemba 2024 mgodi ukafunga. Kila mmoja wa hawa alipoondoka, watu walirudi kulekule: kwenye mshipi, kwenye lema, kwenye mashimo ya pweza wakati wa maji kupwa. Mwaka 2020 niliwaona wahudumu wa mikahawa wakiomba nafasi kwenye mitumbwi ya wajomba zao ambao zamani waliwaonea aibu. Bahari ndiyo mwajiri pekee wa pwani ya kusini ambaye hajawahi kufunga lango, na ndiyo sekta ambayo kila bajeti huikumbuka ikiwa imebaki chenji.

Nairobi nayo imegundua bahari. Novemba 2018 ulifanyika huko mkutano mkubwa wa dunia kuhusu uchumi samawati, Kenya ikiwa mwenyeji pamoja na Canada na Japani. Mji ulio karibu kilomita mia tano kutoka kwenye tone la kwanza la maji ya chumvi! Tangu hapo neno samawati limekuwa kwenye kila hotuba. Tunaambiwa eneo letu la bahari, mpaka maili 200, lina samaki wa kati ya tani 150,000 na 300,000 wanaoweza kuvuliwa kila mwaka, na kwamba sisi tunachukua sehemu ndogo tu. Sauti inayotumika kusema hivyo ni ya mwalimu anayemkemea mtoto mvivu. Hakuna anayemalizia sentensi. Mvuvi wa Gazi anavua ndani ya mwamba na karibu na mwamba kwa sababu chombo chake hakistahimili kilindi, na hakistahimili kwa sababu benki haimkopeshi mtu asiye na hati ya kitu chochote. Huko nje, kwa miaka mingi, meli za kigeni za jodari zimelipia leseni, zikavua, na kwenda kushusha mzigo Victoria, Shelisheli, bila hata mnofu mmoja kugusa gati la Kenya. Dau la mnyonge haliendi joshi. Na hili letu, demani lilikatwa na watu tunaowajua.

Sasa Shimoni inajengewa bandari ya uvuvi chini ya Mamlaka ya Bandari, mradi uliotajwa kugharimu shilingi bilioni 2.6. Siupingi. Nimesikia watu wakiupinga kwa sababu tu ni wa serikali, na hiyo si hoja. Gati la kina kirefu, barafu, vyumba vya baridi, mahali pa kuchakata: hivi tumevililia tangu enzi za wazee wetu. Nauliza tu barafu itauzwa na nani, kwa bei gani, na mvuvi wa mtumbwi atapewa kilo ishirini au ataambiwa arudi akiwa na tani? Mama karanga wa Shimoni, mkaanga samaki, ana meza ndani ya bandari hiyo au atauza nje ya uzio? Vibanda vitagawiwa kwa zabuni ya mtandaoni inayotaka vyeti vya kodi na taarifa za benki za miaka mitatu? Kama masharti ni hayo, basi gati linajengwa Shimoni kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kulala Shimoni. Tusisubiri mambo yaharibike ndipo twende mahakamani. Wavuvi wa Lamu walikwenda. 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya, na fidia yenyewe ikaburutwa miaka baada ya miaka huku maeneo yao ya kuvulia yakiwa yameshachimbwa. Ushindi wa namna hiyo simwombei mtu.

Serikali ina tabia nyingine, nayo ni kutulinda bila kutuuliza. Mwaka 1995 ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Diani–Chale. Wavuvi walikataa, tena kwa kelele, kwa sababu walikuwa wameshaona Kisite: tangu miaka ya 1970 watu wa Wasini na Mkwiro walielezwa kwamba mahali walipovua babu zao sasa ni pa watalii wenye miwani ya kuzamia, na tiketi inakatwa na Shirika la Wanyamapori. Wa Diani wakahesabu upesi. Hoteli juu, hifadhi chini, sisi wapi? Hifadhi hiyo mpaka leo inaonekana vizuri zaidi kwenye gazeti rasmi la serikali kuliko ndani ya maji. Na waliotoka kwenye mzozo ule bila adabu yoyote walisema wavuvi wa Kidigo hawaelewi uhifadhi.

Hawaelewi! Watafiti waliofanya kazi hapa miaka ya 1990 walikuta wazee wa bahari wakitoa sadaka kwenye mizimu ya ufukweni, wakiwa na usemi juu ya mitego ipi itumike wapi na wageni wapige kambi bandari gani. Walikuta pia kwamba usemi huo umeshaanza kupungua nguvu, kwa sababu ofisi ya uvuvi haikuutambua na vijana waliona ni ushamba. Sitaki mtu anisome vibaya. Sipendekezi tuchinje mbuzi halafu tungoje tafi wajae. Wazee wengine nao waliuza usemi wao kwa bei ya debe la mchele, na baadhi ya makatazo yalikuwa ya kulinda cheo kuliko kulinda samaki. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na sheria, ilikuwa na mwenyewe, na aliyeivunja alijulikana jina na nyumba. Tukaipokonya meno, tukaweka badala yake bango lililoandikwa Kiingereza.

Pale sheria iliporudi mikononi mwa wenyeji, mambo yamekwenda. Wasini, Mkwiro na Kibuyuni wana tengefu zao, sehemu za bahari walizoamua wenyewe kuzipumzisha, na anayeingia usiku kuiba hufukuzwa na jirani yake kabla askari hajavaa viatu. Wanawake wa Wasini wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe makavu. Mgeni analipa, pesa inahesabiwa kisiwani. Mapango ya Shimoni, walimofungwa watumwa, yanasimamiwa na kijiji. Kaya Kinondo imefungua msitu wake kwa wageni tangu 2001, kwa masharti ya kaya: unajifunga kaniki, unamfuata mwenyeji, ukitaka kugusa unaambiwa usiguse. Mwaka 2008 UNESCO iliandikisha misitu ya kaya za Mijikenda kuwa urithi wa dunia, Kinondo ikiwemo. Mzungu anayezoea kuamuru kila kitu hotelini, akifika pale anaamriwa, na analipa kwa furaha. Kuna somo la biashara hapo ambalo chuo cha utalii hakifundishi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Gazi, na nitaukalia kidogo. Mikoko ya pale ilikatwa vibaya miaka ya 1970, kuni za viwanda vya chokaa na matofali, mpaka sehemu kubwa zikabaki matope matupu. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, Dkt. James Kairo akiwa mstari wa mbele, walianza kuipanda upya pamoja na wanakijiji. Wengi waliwacheka; mkoko hukua polepole na tumbo halingoji. Mwaka 2013 Gazi na Makongeni wakasajili Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza wa jamii duniani kuuza hewa ya ukaa kutokana na mikoko. Hekta 117, karibu tani 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaiga kwa hekta zaidi ya 400.

Tuzo hainisisimui. Kinachonisisimua ni baraza. Pesa inapoingia, watu wa Gazi na Makongeni hukutana kijijini na kubishana hadharani: mwaka huu maji au vitabu vya shule? Bomba au zahanati? Na pesa zenyewe hazikuwa nyingi, dola elfu kumi na kidogo kwa mwaka hapo mwanzo, kiasi ambacho wizara hukimaliza kwa chai ya semina moja. Kwa kiasi hicho kijiji kikapata maji na watoto wakapata vitabu. Nawapa hongera, na papo hapo nawachokoza: tani moja ya hewa mliyoisafisha inauzwa bei ya sahani ya pweza hotelini, ili tajiri wa Ulaya apande ndege dhamiri ikiwa safi. Bei hiyo ipandishwe. Mwenye bidhaa ndiye anayetaja bei, na bidhaa ni mikoko ya Gazi.

Kwa wanawake bei ndiyo jeraha. Mama wa Kibuyuni anaingia majini maji yakipwa, anafunga mwani kwenye kamba, anausubiri wiki kadhaa, anauvuna, anauanika, anachomwa na jua mgongoni mwake mwenyewe, na mnunuzi anapokuja kilo ya mwani mkavu haifiki bei ya pakiti ya unga. Mnunuzi ni mmoja au wawili, kwa hiyo hakuna mnada, kuna amri. Wale walioanza kutengeneza sabuni ya mwani wameelewa: ukiuza malighafi, umeuza jasho; ukiuza sabuni, umeuza akili. Mama karanga naye zamani alikuwa wa kwanza kupokea mtumbwi. Leo samaki wazuri, changu, tewa, kolekole, wanaishia kwenye boksi la barafu la mchuuzi mwenye pikipiki kabla beseni lake halijafika, yeye anabakiwa na vidogo vya kukaanga. Mama huyo ndiye anayelisha Kwale protini. Watalii wanalishwa na wengine. Watoto wa Mwaembe na Milalani wanakula samaki wa mama karanga. Katika ile fedha ya Benki ya Dunia, dola milioni 100 zilizoidhinishwa 2020 kwa uvuvi wa kaunti za pwani, nataka kuona zilizomfikia yeye, kwa jina la bandari yake, na siyo kwa picha ya semina.

Utamaduni? Tunaulizwa sana habari za utamaduni, hasa na watu wanaotaka ngoma. Sengenya ya Wadigo, ambayo kwenye harusi na misiba haikujua saa, imekatwa ikawa dakika kumi na tano kati ya supu na kitindamlo, vijana wamevaa majani ambayo babu zao hawakuwahi kuvaa. Sitawalaumu vijana, wanalipwa. Lakini mtu asiniambie hilo ni uhai wa utamaduni. Uhai uko kwa mvuvi wa Funzi anayetaja kwa Chifundi majina ya miamba, milango na mikondo ambayo ramani ya jeshi la maji haina. Uko kwa mzee wa Vanga anayejua kwa mwezi na kwa kivuli bamvua litafika wapi, lini vibua watapanda, lini pweza wanataga ndipo waachwe. Chivumba, Chifundi, Chidigo vimehifadhi elimu hiyo. Shule za msingi za Msambweni humfundisha mtoto aina za samaki wa Ziwa Victoria kutoka kitabu, huku baba yake amebeba tafi. KMFRI ina kituo Shimoni. Ni hatua chache kutoka darasani. Nani anasubiri barua?

Na utamaduni bila ufuo hugeuka maonyesho. Ukimwondoa mvuvi bandarini, yale majina ya miamba hufa katika kizazi kimoja, kwa sababu hakuna anayeyahitaji tena. Hakuna jumba la makumbusho litakaloyaokoa.

Nimewapiga wengine vya kutosha. Sasa sisi wenyewe, na hapa sitegemei kupigiwa makofi.

Juya lilipigwa marufuku 2001. Linakokota nyasi bahari, linavunja matumbawe, linabeba watoto wa samaki ambao hata paka hawashibi. Watafiti waliofuatilia uvuvi wa pwani hii miaka mingi wameonyesha kwamba juya likiondoka, kipato cha mvuvi hupanda. Tunajua. Na bado linavutwa, mchana, kwenye bandari zenye BMU iliyosajiliwa kwa kanuni za 2007. Linavutwaje? Kwa sababu juya lina mwenyewe, na mwenyewe ni tajiri wa hapahapa, anayewakopesha vijana wavu na mafuta, na kwa deni hilo anawanunulia samaki kwa bei yake mpaka waingie kaburini. Ringineti, wavu wa kuzungusha, vilevile: miaka inapita tunapigana sisi kwa sisi, Gazi na Msambweni, na wenye nyavu hawajawahi kulowa.

Kila tulipohitaji wa kumlaumu tulimlaumu Mpemba. Ndiye aliyeleta juya, ndiye mgeni, ndiye anayemaliza samaki. Wapemba wamekuwa Shimoni, Wasini na Vanga vizazi na vizazi, wameoa kwetu na kuzikwa kwetu, na mpaka juzi hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna leseni ya uvuvi, hakuna akaunti, chombo chako kinaandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo anakukata anavyotaka. Mvuvi asiye na karatasi ndiye mvuvi wa bei rahisi kuliko wote kumkodisha. Wamakonde wa Kwale walilazimika kuandamana mpaka Ikulu ya Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba walitambuliwa Januari 2023, na Julai mwaka huo Rais Ruto akawakabidhi vyeti kule Kilifi. Tulishangilia. Ila wale waliokuwa wakimiliki boti zao kwa niaba, je, wamerudisha? Nawajua wachache ambao hawajarudisha, na wanaswali safu ya mbele.

Na vijana wetu waliouza shamba la urithi Kinondo ili wanunue pikipiki mbili: pikipiki zimeshakuwa chuma chakavu, aliyenunua shamba amejenga ukuta. Hao hawakuporwa na sheria ya 1908.

Nikidai ufuo urudishwe kwa jamii, basi niseme pia utarudishwa kwa mikono ya nani. Hati ya bandari ikiandikwa kwa jina la BMU ambayo mwenyekiti wake ni karani wa tajiri, itauzwa kabla ya kusi kwisha. Kanuni zinaipa BMU mkutano wa wanachama wote, uchaguzi, na kamati inayowajibika kwa mkutano huo. Mvuvi, mwenye chombo, mchuuzi na mama karanga wote wana haki ya kuwemo. Bandari nyingi nilizopita, wanawake wanakumbukwa siku ya kupika pilau la mgeni. Ushuru wa kilo unakusanywa kila siku na haujulikani ulipolala. Ulizeni mkutano wa mwisho wa hesabu ulifanyika lini. Mkiambiwa daftari liko nyumbani kwa tajiri, nendeni mkalichukue, mchana, mkiwa wengi, na akina mama karanga wakiwa mbele, kisha lisomwe kwa sauti palepale bandarini, ukurasa kwa ukurasa, yeye akiwepo.